Zamu ya Jikoni: Kanuni ya Benedikto na Malezi ya Tabia ya Kimungu

Katika mapokeo ya Kikristo, tabia ya kimungu huhesabiwa kuwa tunda la maisha mazima. Mtu anaweza kuongoka kwa saa moja, lakini kuwa mpole, mwaminifu, mvumilivu na mnyenyekevu humchukua miaka yake yote. Kwa hiyo swali lililowashughulisha walezi wa Kanisa tangu karne za mwanzo ni la vitendo: mtu afanye nini kila siku, wapi, na chini ya nani, hadi wema umkolee? Mojawapo ya majibu yaliyodumu kuliko yote liliandikwa Italia katika karne ya 6 na mtawa aliyeitwa Benedikto wa Nursia. Kitabu chake, kinachojulikana kwa jina la Kanuni, ni kidogo: utangulizi na sura 73, nyingine hazizidi mistari michache. Ndicho kinachoongoza hadi leo monasteri za Wabenediktini duniani kote, zikiwemo Peramiho, Ndanda, Hanga na Mvimwa nchini Tanzania.

Benedikto alizaliwa yapata mwaka 480, miaka michache baada ya kaisari wa mwisho wa Roma ya magharibi kuondolewa madarakani mwaka 476. Alipelekwa Roma kusoma, akachukizwa na mwenendo wa wanafunzi wenzake, akaacha masomo na kwenda kuishi peke yake katika pango la Subiaco kwa muda wa miaka mitatu. Sifa zake zilipoenea, watawa wa jirani walimwomba awe abati wao, yaani baba na mkuu wa nyumba. Hawakuuweza msimamo wake. Wakamtilia sumu katika divai. Papa Gregori Mkuu, aliyeandika habari zake miongo kadhaa baada ya kifo chake, hakulificha jambo hilo, na ni vema alivyofanya, kwa sababu humsaidia msomaji wa Kanuni kuelewa kwamba iliandikwa na mtu aliyekwisha kuona jinsi utii usiotoka moyoni unavyogeuka kuwa chuki. Baadaye Benedikto alianzisha nyumba 12 ndogo huko Subiaco, na yapata mwaka 529 akahamia mlima wa Cassino, ambako alikaa hadi kifo chake karibu na mwaka 547. Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya vita na njaa, majeshi yakipita Italia huku na huko. Katikati ya ghasia hizo aliandika jinsi ya kugawa mkate, kutunza majembe na kupokea wageni.

Kanuni inaiita monasteri shule ya kumtumikia Bwana, na somo lake la kwanza ni kusikiliza. Utangulizi unamwita msomaji kama mwana anayeitwa na babaye, unamwambia ategeshe sikio la moyo wake, kisha unamweleza sababu: mwanadamu alimwacha Mungu kwa uvivu wa kuasi, na atamrudia kwa juhudi ya kutii. Kielelezo ni Kristo, ambaye hakuja kufanya mapenzi yake mwenyewe. Kwa hiyo utii unaofundishwa humu una mizizi tofauti kabisa na nidhamu ya kambi ya jeshi. Askari hutiishwa ili kikosi kisonge mbele. Mtawa hutii ili yeye mwenyewe aponywe ugonjwa wa kujifanya kipimo cha kila kitu.

Sura ya 5 inaeleza utii wenyewe. Mtawa akiamriwa jambo huiacha kazi aliyoishika, hata kama haijaisha, akaenda. Hata hivyo wepesi wa miguu hautoshi. Anayetii kwa kusitasita, kwa kujikokota au kwa moyo baridi hajatii. Na anayenung'unika, hata akinung'unika kimoyomoyo tu, amepoteza thawabu yake ingawa kazi imetimia. Kati ya makosa ya maisha ya pamoja, manung'uniko ndiyo yanayorudiwa zaidi katika Kanuni. Yanaonywa katika sura ya utii, yanaonywa tena panapozungumzwa mgawo wa vitu, zamu za jikoni, kiasi cha divai, saa za kula na huduma kwa wageni. Benedikto aliijua hali ya watu wanaoishi chini ya paa moja: nyumba haibomolewi na dhambi kubwa peke yake, bali pia na mdomo unaosononeka kila unapopewa kazi.

Baada ya utii huja unyenyekevu, na hapa Kanuni inafikia kilele chake. Sura ya 7, iliyo ndefu kuliko zote, inauchora unyenyekevu kama ngazi yenye vipandio 12. Cha kwanza ni hofu ya Mungu: kukumbuka kila saa kwamba anaona. Vinavyofuata ni kutoyapenda mapenzi ya nafsi, kumtii mkuu, na kuvumilia kimya hata pale utii unapoleta ugumu au dhuluma. Kisha kuungama mawazo maovu bila kuficha, kuridhika na kilicho duni, kujiona mdogo kwa dhati, kushika desturi ya nyumba, kuuzuia ulimi, kutokuwa mwepesi wa kucheka, kusema machache kwa upole, na mwisho unyenyekevu kuonekana hata katika kutembea na kukaa. Kinachovutia ni maelezo ya aliyefika juu. Huyo, asema Benedikto, hukuta hofu imemtoka. Yale aliyokuwa akiyafanya kwa woga wa adhabu anayafanya sasa kwa kumpenda Kristo, kwa mazoea mema na kwa kuifurahia fadhila, bila kujilazimisha. Ndiyo maana ya tabia katika shule hii: tendo jema lililorudiwa kwa miaka hadi likawa maumbile ya mtu.

Kati ya kipandio cha kwanza na cha mwisho kuna maelfu ya siku za kawaida, na Kanuni inazijaza utumishi. Hakuna mahali jambo hili linapoonekana wazi kama jikoni. Sura ya 35 inaagiza kila ndugu apike na kuhudumia wenzake kwa zamu ya wiki moja, na hakuna anayesamehewa ila mgonjwa au aliye na jukumu zito. Mtoto wa tajiri na mtoto wa mkulima hushika mwiko uleule. Jumamosi, anayemaliza zamu hufanya usafi na kufua taulo ambazo ndugu hujifutia mikono na miguu. Kisha yeye pamoja na anayeingia zamu huwaosha wote miguu, kama Bwana alivyowafanyia mitume siku ile ya karamu ya mwisho. Vyombo vyote hurudishwa kwa mtunza ghala vikiwa safi na vizima, naye huvikabidhi kwa anayeingia, ili ijulikane kilichotolewa na kilichorudi. Jumapili, baada ya sala ya alfajiri, wawili hao huinama mbele ya ndugu wote kanisani na kuomba waombewe, mmoja akishukuru kwa wiki iliyopita, mwingine akiomba msaada kwa wiki inayokuja.

Katika sura hiyohiyo kuna agizo dogo linaloonyesha busara ya mwandishi. Saa moja kabla ya chakula, walio zamu wapewe mkate kidogo na kinywaji zaidi ya mgawo wao, ili wakati wa kuwahudumia wengine wasiwe na njaa wala sababu ya kunung'unika. Na walio dhaifu wapewe wasaidizi. Mlezi anayetaka watu watumike kwa furaha anatakiwa kwanza aondoe visababishi vya uchungu vinavyoweza kuondolewa. Wengi wanaodai utumishi wa wengine, nyumbani, kazini na hata kanisani, husahau kipande hiki cha mkate.

Lakini mikono inaweza kutumika huku moyo ukibaki kitini. Gregori anasimulia kwamba jioni moja Benedikto alikuwa akila, na kijana mmoja, mwana wa ofisa mkubwa, alikuwa amesimama mezani akimshikia taa. Kijana hakusema neno. Moyoni alijiuliza mtu huyu ni nani hata yeye, kwa asili yake, amsimamie na kumshikia taa anapokula. Benedikto akamgeukia ghafla, akamkemea, akamwambia autie moyo wake ishara ya msalaba. Kisha akawaita wengine wamwondolee ile taa na kumwamuru akae chini. Baadaye ndugu walipomwuliza alichokuwa akiwaza, kijana aliwaeleza kila neno. Adhabu yenyewe inastahili kuangaliwa. Hakuongezewa kazi, alinyang'anywa. Katika nyumba ile kushika taa kulihesabiwa heshima, na aliyeidharau hakuachiwa aendelee nayo.

Heshima hiyohiyo inavifikia vitu. Mtunza ghala anaagizwa aangalie vyombo na mali yote ya monasteri kama vyombo vitakatifu vya altare. Jembe, ndoo, koleo na sufuria vimo. Abati anatakiwa kuwa na orodha ya vifaa, ajue amempa nani nini. Anayekiacha kifaa kichafu au kukitumia ovyo huonywa, na aliyevunja kitu hujitokeza mwenyewe kukiri kabla hajashtakiwa. Mafundi nao wana sura yao, ya 57. Fundi akianza kujivuna kwa ustadi wake, akiona kwamba monasteri inaishi kwa ajili yake, atolewe katika kazi hiyo hadi anyenyekee. Bidhaa zao ziuzwe kwa bei nafuu kidogo kuliko za walimwengu, ili tamaa isipate mlango. Ni agizo gumu, maana nyumba inaweza kumpoteza fundi wake bora kwa muda na kula hasara. Benedikto aliona hasara hiyo ni ndogo.

Mtunza ghala mwenyewe hupimwa kwa ulimi wake kadiri ile ile ya hesabu zake. Asimhuzunishe ndugu, akiombwa kisichofaa akatae kwa upole, na akiwa hana cha kutoa atoe neno jema. Gregori anaeleza kwamba wakati wa njaa alikuja shemasi mdogo kuomba mafuta, na nyumbani yalikuwa yamebaki machache tu ndani ya chupa ya kioo. Benedikto aliamuru apewe. Mtunza ghala hakumpa, akihofu kwamba ndugu watakosa kabisa. Abati alipogundua, aliagiza chupa itupwe nje kupitia dirishani, kisibaki ndani ya nyumba kitu kilichohifadhiwa kwa uasi. Ikaanguka juu ya miamba bila kuvunjika, akaagiza apelekewe aliyeomba. Wasomaji wa leo wanaweza kusimama kwenye muujiza. Watawa wa kale walisimama kwenye hesabu za mtunza ghala. Hesabu zake zilikuwa sahihi, na nia yake ilikuwa kuwalinda wenzake. Kilichokosekana ni kuamini.

Utii wa namna hii una hatari, na ni lazima isemwe wazi. Jina la Mungu limetumiwa mara nyingi na wakubwa waliotaka kutumikiwa, na watu wamevunjwa roho kwa kisingizio cha kufundishwa unyenyekevu. Kanuni inaizuia hatari hiyo kwa kumfunga anayeamuru kuliko anayeamriwa. Sura ya 2 inamkumbusha abati, tena na tena, kwamba siku ya hukumu atatoa hesabu ya mafundisho yake na ya utii wa wanafunzi wake, na kwamba lawama ya kondoo waliodhoofika itamwangukia mchungaji. Afundishe kwa matendo kuliko maneno. Asimpende mmoja kuliko mwingine kwa sababu ya cheo, wala asimtangulize mwungwana mbele ya aliyetoka utumwani. Kila panapokuwa na jambo kubwa, sura ya 3 inamtaka awaite ndugu wote na kusikiliza shauri lao, hata la mdogo kabisa, kwa kuwa mara nyingi Bwana humfunulia kijana lililo bora. Uamuzi unabaki kwake, lakini hauji kabla ya kusikiliza. Sura ya 64 inataka apendwe kuliko kuogopwa, na achague kiasi katika kila agizo, ili wenye nguvu wawe na la kutamani na wanyonge wasikimbie.

Na je, akiagiza lisilowezekana? Sura ya 68 inamruhusu ndugu aeleze, kwa uvumilivu na kwa wakati unaofaa, kwa nini mzigo unamzidi, bila kiburi na bila ubishi. Mkuu akishikilia agizo lake, ndugu atii akimtumainia Mungu. Wafafanuzi wa Kanuni wamekubaliana siku zote kwamba agizo la kutenda dhambi halimo humo. Sura ya 71 inaongeza kwamba utii hauendi juu peke yake: ndugu watiiane wao kwa wao. Palipo na utii wa pande zote, mkubwa asiyewahi kutii huonekana upesi.

Anayekosea hutengwa na meza au na sala kwa kadiri ya kosa, ila sura ya 27 inamtaka abati awe kama tabibu. Awatume kwa siri ndugu wazee wenye busara wakamfariji aliyetengwa, asije akamezwa na huzuni. Hata aliyefukuzwa au kuondoka kwa kosa lake anaweza kupokewa tena, hadi mara tatu. Wakati huo sheria za nyumba nyingi zilikuwa na viboko, na Kanuni pia inavyo kwa wakaidi. Kipengele hicho kimeachwa na hakuna anayekisikitikia.

Shule hii haikubali mwanafunzi wa msimu. Sura ya 58 inataka anayebisha hodi asifunguliwe kwa urahisi; avumilie mlangoni siku nne au tano, kisha asomewe Kanuni yote mara tatu ndani ya mwaka wa majaribio, kila mara akiambiwa kwamba mlango uko wazi kama anataka kuondoka. Leo sheria ya Kanisa inataka unovisi, yaani muda huo wa majaribio, wa miezi 12 angalau, na nadhiri za muda zisizopungua miaka mitatu kabla ya nadhiri za daima. Anayeahidi hutaja mambo matatu: kudumu katika jumuiya ile, kuugeuza mwenendo wake, na kutii. Huandika ahadi yake kwa mkono wake na kuiweka juu ya altare. Nguo alizokuja nazo huvuliwa na kutunzwa stoo, ili siku akishawishika kuondoka arudishiwe zake. Nadhiri ya kudumu mahali pamoja ndiyo inayozipa uzito nyingine zote. Mtu anayeweza kuhama kila anapoudhiwa huhama na kasoro zake. Aliyeahidi kufa pamoja na watu walewale atalazimika kujifunza kusamehe, maana kesho asubuhi ataimba Zaburi akiwa amesimama karibu na yuleyule aliyemuudhi jana.

Afrika Mashariki iliifahamu Kanuni kupitia shirika la Mtakatifu Ottilien, lililoanzishwa Ujerumani mwaka 1884 na Padri Andreas Amrhein, aliyetaka kuunganisha utawa na umisionari. Watawa wake walifika Pugu, karibu na Dar es Salaam, mwaka 1888, na mwezi Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, kituo kilishambuliwa na baadhi yao wakauawa. Peramiho ilianzishwa mwaka 1898 na Padri Cassian Spiss. Akiwa askofu, Spiss aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili mwezi Agosti 1905, mwanzoni mwa vita vya Maji Maji. Ndanda ilifuata mwaka 1906. Wamisionari hawa walifika chini ya bendera ya wakoloni, na wananchi wengi hawakuona sababu ya kuwatofautisha na serikali iliyowatoza kodi na kuwafanyisha kazi kwa nguvu. Tofauti ilionekana baadaye, kwa kukaa. Hospitali, shule za ufundi, karakana za useremala na mitambo ya uchapaji ya Peramiho na Ndanda ilijengwa na mabruda waliokuja wakiwa vijana, wakafundisha ufundi, wakazeeka na kuzikwa hukohuko.

Nyumba ya kwanza kwa ajili ya wamonaki Waafrika ilifunguliwa Hanga mwaka 1957, takriban miaka 70 baada ya Pugu. Ni muda mrefu mno kwa shirika ambalo Kanuni yake inakataza kuwapanga watu kwa asili yao, na inapanga nafasi za ndugu kwa saa waliyoingia mlangoni: aliyefika saa mbili ni mkubwa wa aliyefika saa tatu, awe nani awaye. Leo watawa wa Hanga, kama wale wa Mvimwa mkoani Rukwa, hulima, hufuga, hufundisha na kusali vipindi vya siku kwa Kiswahili. Masista Wabenediktini wa Chipole, katika mkoa uleule wa Ruvuma, wanaishi kwa Kanuni hiyohiyo. Wapo pia walei, wanaume na wanawake, wenye ndoa na kazi zao, wanaojiunga na monasteri fulani kama waoblati. Hawafungi nadhiri, huahidi tu kuifuata Kanuni nyumbani kwa kadiri ya hali yao.

Mtawa akizeeka, sura ya 37 inamlegezea masharti ya chakula, na sura ya 36 inaagiza wagonjwa wahudumiwe kana kwamba ni Kristo anayehudumiwa, nao wagonjwa wasiwachoshe wanaowauguza kwa madai yasiyo na kiasi. Hata kitandani kuna utii wa kujifunza: kukubali kutumikiwa. Bawabu, ambaye kwa agizo la sura ya 66 ni mzee mwenye busara asiyetangatanga, huitikia kwa shukrani kwa Mungu kila maskini anapobisha. Na sura ya 73, ya mwisho, inakiri kwamba yote yaliyotangulia ni kanuni ndogo ya wanaoanza. Anayetaka kusonga mbele huelekezwa kwenye Maandiko Matakatifu, kwenye kanuni ya Basili na maandishi ya Kasiani, na kwenye maisha ya mababa waliotangulia.